Koleo la Mvuvi: Namna ya Kuchagua Kifaa Nafuu cha Kuchomolea Ndoana

Mkono wa mvuvi wa mshipi ndio jembe lake, ndio duka lake, na mara nyingi ndio karo ya watoto wake. Hata hivyo, ukichungulia kikapu cha wengi wanaotoka na dau au ngalawa, kuanzia Kiunga hadi Vanga, utakuta mshipi uliochaguliwa kwa makini, ndoana za kila nambari, chubwi, chambo na kisu, lakini hutakuta kifaa chochote cha kuchomolea ndoana. Kazi hiyo wameachiwa vidole. Navyo huifanya kwa ustadi, mpaka siku samaki anapopiga mkia ghafla na ncha ikahama kutoka mdomoni mwake hadi kidoleni mwa mvuvi.

Jeraha la ndoana ni dogo kwa macho, lakini si dogo kwa madhara. Tundu lake ni jembamba na lina kina. Hujifunga juu upesi, likafungia ndani uchafu wa chambo, utelezi wa samaki na vijidudu vya baharini. Majeraha ya namna hiyo ndiyo yanayoweza kuleta pepopunda. Mvuvi aliyevimba kidole hawezi kuvuta mshipi wala kufunga tanga, na nyumba yake huenda ikakaa juma zima bila kitoweo wala fedha. Kwa hivyo, ndugu msomaji, kifaa tunachokizungumzia leo si anasa ya wenye boti za starehe. Ni sehemu ya matumizi ya nyumba, kama vile mafuta ya taa na unga.

Jinsi ndoana inavyoshika

Ndoana ina tundu la kufungia mshipi, shina lililonyooka, kipindo, na ncha. Nyuma kidogo ya ncha pana kijino kilichoelekea kinyume, nacho ndicho kinachoizuia ndoana kurudi. Anayevuta mshipi kwa nguvu hukikaza kijino hicho nyamani. Anayekisukuma kipindo nyuma, akafuata njia ile ile ndoana iliyoingilia, hukilegeza. Vifaa vyote vya kuchomolea, viwe vya bei ya juu au ya chini, hufanya jambo hilo moja: huishika ndoana mahali imara na kuirudisha ilikoingilia, huku mkono ukiwa mbali na ncha. Kifaa kisichofanya hivyo hakifai hata kikitolewa bure.

Vifaa vilivyopo

Cha kwanza ni koleo la mdomo mrefu, linalopatikana katika karibu kila duka la vifaa vya ujenzi na umeme. Hili ndilo linalofaa watu wengi zaidi. Hushika shina la ndoana barabara, na laweza pia kukata waya na kunyoosha ndoana iliyopinda.

Cha pili ni kibanio mfano wa mkasi, kama kile wanachotumia wauguzi, chenye meno karibu na vishikio yanayokifanya kijifunge chenyewe. Ni chembamba, na huingia katika vinywa vidogo ambavyo koleo haliwezi kuviingia. Anayevua tafi na changu wadogo kwa ndoana ndogo atakifurahia. Kwa ndoana kubwa hakina nguvu.

Cha tatu ni waya mgumu wenye kishikio cha mbao au plastiki, uliopindwa mwishoni mfano wa herufi J. Huuteremsha ukifuata mshipi hadi kwenye kipindo cha ndoana. Kisha mkono mmoja huukaza mshipi kuelekea chini na mwingine huinua waya. Ndoana hupinduka, ncha ikatazama chini, na samaki akaanguka kwa uzito wake mwenyewe. Fadhila yake kubwa ni kwamba hakuna haja ya kumgusa samaki. Tafi ana miiba 24 yenye sumu mgongoni, tumboni na karibu na mkia, na aliyewahi kuchomwa hahitaji kuelezwa maana ya fadhila hiyo.

Cha nne ni kile chenye umbo la bastola, ambacho hubonyezwa kishikio ili mdomo wake ulio mbali ubane. Hufika mbali kooni mwa samaki mkubwa kama chewa. Lakini kina springi na viungo vingi, na kila kiungo ni nyumba ya kutu. Kwa mwenye fedha chache, hiki kiwe cha mwisho kufikiriwa.

Mambo ya kupima dukani

Nenda dukani na ndoana unazozitumia kila siku, ndogo na kubwa. Lifumbe koleo na ulitazame kwenye mwanga: midomo yake ikutane sawasawa hadi nchani. Bana shina la ndoana yako ndogo kisha uivute kwa mkono wa pili. Ikiteleza, liweke koleo hilo chini. Fungua na kufunga kwa mkono mmoja tu, kwa sababu chomboni mkono wa pili utakuwa na samaki au mshipi. Kishikio kiwe na mpira usioteleza ukiwa na maji na mafuta ya samaki.

Kuhusu chuma, mwenye duka atakuambia kwamba mali yake haishiki kutu. Wako wanaopima neno hilo kwa sumaku, wakiamini kwamba chuma kisichoshika kutu hakivutwi. Kipimo hicho hakitoshi. Viko vyuma vya aina hiyo, hasa vile vigumu vinavyotengenezewa makoleo na visu, ambavyo huvutwa na sumaku. Tena hakuna chuma chochote cha koleo kinachosalimika kikiachwa na maji ya chumvi siku baada ya siku. Tahadhari pia na koleo la aluminiamu lililounganishwa na msumari wa chuma: metali mbili tofauti zikikutana ndani ya maji ya bahari, moja huilisha nyingine, na kiungo huliwa haraka.

Bei nayo ipimwe kwa muda, si kwa siku ya kununua. Tuseme, kwa mfano tu, koleo la shilingi 300 linaganda kwa kutu kila baada ya miezi 3, na la shilingi 900 linadumu miaka 3. Mwenye kununua la kwanza atakuwa ametumia shilingi 3,600 katika miaka hiyo 3. Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili: koleo la kawaida linalotunzwa vizuri laweza kulishinda umri koleo ghali lililotupwa chini ya dau. Utunzaji wenyewe ni mwepesi. Lisuuze kwa maji ya tamu kila urudipo, lipanguse, kisha utie tone la mafuta kwenye kiungo; hata ya nazi yatafaa. Na usisahau kulifunga kwa kamba fupi chomboni, kwa maana koleo lililozama halina bei nafuu.

Cha kujitengenezea

Asiye na uwezo wa kununua hajakosa njia. Njiti ya gurudumu la baiskeli, ikipindwa mwishoni kwa koleo la kuazima na kutiwa kishikio cha mti, hutosha kwa ndoana ndogo. Kwa ndoana kubwa, fundi wa kuchomelea anaweza kukupindia ufito mgumu wa unene wa milimita 3 au 4 na urefu wa kama sentimita 30. Mpindo uwe mpana kiasi cha kukikumbatia kipindo cha ndoana yako, na ncha yake isuguliwe kwa tupa hadi iwe butu, isije ikamchana samaki au mtu.

Na iko hatua isiyogharimu hata senti. Kikandamize kijino cha ndoana kwa koleo mpaka kilale. Ndoana ya namna hiyo hutoka kwa wepesi, mdomoni mwa samaki na kidoleni pia. Mwenye kuuweka mshipi wake umekazika wakati wote hatapoteza samaki wengi kwa sababu hiyo. Kwa watoto wanaojifunza kuvua gatini, hii ingepaswa kuwa sharti.

Samaki wa kurudishwa

Si kila anayenasa ni wa chungu. Samaki mchanga hurudishwa ili akue, na kiumbe anayerudishwa anastahili kurudishwa akiwa mzima. Loweka mikono kabla ya kumshika, usimtie vidole mashavuni, na usimweke juani. Ikiwa ameimeza ndoana hadi tumboni, usichimbe. Kata mshipi karibu na ndoana na umwache aende, kwani nafasi yake ya kuishi ni kubwa kuliko ya aliyechanwa ndani kwa kuvutwa. Ndoana ya duara hupunguza tatizo hilo, maana aghalabu hushika pembeni mwa mdomo.

Kasa ana hukumu yake. Aina 5 za kasa hupatikana katika bahari ya Kenya, na zote zinalindwa na sheria. Akinasa, asinyanyuliwe kwa mshipi. Kwa walio karibu na Watamu, shirika la Local Ocean Conservation hupokea kasa waliojeruhiwa na kuwatibu.

Ikiingia mwilini

Kanuni ni ile ile: ndoana hurudi ilikoingilia. Kata mshipi kwanza na umwondoe samaki. Ikiwa iko jichoni, shingoni au kwenye kiungo cha kidole, usiiguse. Jicho lifunikwe bila kukandamizwa, na mgonjwa apelekwe hospitali. Ikiwa imeingia juu juu katika nyama ya mkono na hospitali iko mbali, mwenzake apitishe uzi imara kwenye kipindo, akandamize shina chini kuelekea ngozini ili kijino kilegee, kisha auvute uzi kwa ghafla kwenye usawa wa ngozi, kuelekea ndoana ilikoingilia. Wengine wakae mbali na njia ya ndoana, kwani huruka. Baada ya hapo jeraha lioshwe kwa maji safi mengi na sabuni, na mtu huyo aende kituo cha afya aeleze ni lini mara ya mwisho alipodungwa sindano ya pepopunda. Wekundu unaopanda mkono, usaha au homa ni dalili za kurudi hospitali siku hiyo hiyo.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mvuvi mwenye vidole kumi vizima ana mtaji ambao hakuna benki itakayomkopesha ukipotea, na koleo moja zuri, au hata njiti ya baiskeli iliyopindwa kwa akili, yatosha kuulinda. Juma hili, kabla ya kuongeza ndoana nyingine kikapuni, hakikisha kikapu hicho kina cha kuitoa.