Matumizi ya Hadubini ya Fluoresensi katika Uchunguzi wa Protini ndani ya Seli Hai

Protini hutekeleza kazi nyingi za seli, lakini katika hadubini ya kawaida ni vigumu kutofautisha protini moja na nyingine. Kwa muda mrefu, mtafiti aliyetaka kujua mahali protini fulani ilipo alilazimika kuiua seli kwa kemikali kabla ya kuitia rangi. Mahali palijulikana, ila mwendo haukuonekana.

Hadubini ya fluoresensi imeziba pengo hilo. Fluoresensi ni hali ya molekuli kufyonza mwanga na kutoa mwanga mwingine wenye wimbi refu zaidi. Mwaka 1962, Osamu Shimomura na wenzake walieleza kuhusu protini ya kijani iliyotokana na konyeza, mnyama laini wa baharini. Mwaka 1994, Martin Chalfie na wenzake walionesha kwamba jeni ya protini hiyo, ikipandikizwa katika bakteria au mnyoo, huzalisha mng'ao uleule. Roger Tsien aliiboresha na kuongeza rangi nyingine. Watatu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2008.

Katika utafiti, jeni hiyo huunganishwa na jeni ya protini inayochunguzwa, nayo seli huzitengeneza protini hizo mbili zikiwa zimeshikamana. Seli humulikwa kwa mwanga wa samawati, mara nyingi wa nanomita 488, kisha kichujio hupitisha mwanga wa kijani pekee. Ili kupima mwendo, eneo dogo hufifishwa kwa leza kali. Mng'ao ukirejea upesi, protini zinahamahama kwa urahisi. Usiporejea, zimeshikiliwa mahali pake.

Hata hivyo, mwanga unaofichua ndio pia unaodhuru. Ukizidi, hufifisha mng'ao na kuzalisha aina za oksijeni zinazoharibu seli. Aidha, alama yenyewe ina asidi amino 238, hivyo yaweza kubadili mahali au kazi ya protini iliyobebeshwa. Kwa sababu hiyo, mtafiti hupunguza mwanga, hulinganisha seli zilizomulikwa na zisizomulikwa, na huthibitisha kwamba protini yenye alama ingali inafanya kazi yake ya asili. Bila ulinganisho huo, picha inaweza kuwa safi huku ikionesha tabia ya seli iliyojeruhiwa, si ya seli yenye afya.