Je, Wajua? Ubongo Hubadilika Kabla Mzee Hajaanza Kusahau

Je, wajua kwamba mzee mwenye akili timamu, anayekumbuka deni lake na la jirani, huenda kemia ya ubongo wake imeshaanza kubadilika? Mwaka 2011 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha vipimo vya wazee 311 wa miaka ya sabini na themanini, wote wasio na tatizo la kumbukumbu. Theluthi moja walikutwa na amiloidi nyingi ubongoni, protini ileile inayorundikana katika ugonjwa wa Alzheimer.

Je, wajua kwamba MRI inaweza kupima kemikali za ubongo bila kumtoboa mtu popote? Ndivyo walivyopimwa wazee hao. Wenye kemikali ya kolini nyingi kuliko kawaida, ikilinganishwa na kemikali nyingine iitwayo kreatini, walipata alama za chini kwenye baadhi ya majaribio ya akili, iwe wana amiloidi nyingi au kidogo. Huo ni uhusiano tu. Hakuna mzee anayeweza kuambiwa kwa kipimo hicho pekee kwamba atapotewa na kumbukumbu.

Je, wajua kwamba amiloidi huanza kujikusanya miaka 15, hata 20, kabla ya dalili?

Je, wajua kwamba mgonjwa wa kwanza wa ugonjwa wa Alzheimer, aliyeelezwa na Daktari Alois Alzheimer, alikuwa na miaka 51 tu? Mgonjwa huyo, Auguste Deter, alilazwa Frankfurt mwaka 1901. Akiwa anakula koliflawa na nyama ya nguruwe, aliulizwa anakula nini. Akajibu: mchicha. Alipotakiwa kuandika jina lake, aliandika “Bi.”, kisha yaliyobaki yakampotea. Wanaosema “ni uzee tu” wamkumbuke mama huyu.

Je, wajua kwamba vile vidonge vidogo vya Piriton, tunavyovimeza kwa mafua na muwasho, huzuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huitumia kushika kumbukumbu? Kijana atasinzia, basi. Mzee anaweza kuchanganyikiwa kabisa. Tafadhali, usimnunulie bibi dukani bila kumuuliza mfamasia.

Je, wajua habari za Sista Mary? Alikuwa miongoni mwa masista 678 wa Marekani waliokubali kupimwa akili kila mara na ubongo wao uchunguzwe baada ya kufa. Alifariki akiwa na miaka 101, na hadi karibu na mwisho alifanya vizuri kwenye majaribio. Ubongo wake ulipofunguliwa, ulikuwa na alama tele za Alzheimer. Kwangu mimi, hakuna habari inayotia moyo kuliko hii: ugonjwa ulikuwamo, na bado alibaki yeye.

Je, wajua kwamba mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilikadiria kuwa karibu asilimia 45 ya dimenshia, yaani kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa? Lilitaja mambo 14, yakiwemo presha, kisukari, sigara, upweke na kutosikia vizuri. Hilo la masikio tunalipuuza mno. Babu asiyesikia huacha kuulizwa, kisha huacha kuongea.

Je, wajua kwamba huko Kilifi, pwani ya Kenya, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi? Mzee anayetoka usiku asijue aendako, au anayeongea na marehemu mumewe, huenda ana dimenshia, si mchawi; anahitaji kushikwa mkono arudishwe ndani.

Na je, wajua kwamba upungufu wa vitamini B12 au udhaifu wa tezi ya shingo unaweza kufanana na dimenshia, na vyote viwili vinatibika? Mama aliyepika pilau miaka hamsini akisimama mbele ya sufuria, kitunguu kinaungua, akauliza baada ya hapo kinafuata nini, mpeleke akapimwe damu wiki hiyohiyo.