Ng'ombe Aliyepona Sotoka Hakuugua Tena

Kijana afugaye ng'ombe siku hizi hajapata kuona sotoka kwa macho yake. Yafaa basi ajue ni msiba gani ulioondolewa mlangoni pake, na ni kwa njia gani.

Ugonjwa huo uliingia Afrika Mashariki karibu na mwisho wa karne ya 19, ukitokea kaskazini. Ng'ombe alishikwa na homa kali, macho na pua vikatoa uchafu, kinywa kikajaa vidonda, kisha akaharisha mpaka akafa baada ya siku chache. Mahali pengi katika kila ng'ombe kumi walikufa wanane au tisa, na watu waliotegemea maziwa wakafa kwa njaa. Wamaasai waliuita wakati huo Emutai, yaani maangamizi.

Hata hivyo wafugaji waligundua jambo moja: ng'ombe aliyepona hakuugua sotoka tena maisha yake yote. Sababu yake ni hii. Ndani ya damu mna chembe nyeupe zilindazo mwili. Kama vile mchungaji atambuavyo ng'ombe mgeni kwa alama aliyochomwa, ndivyo chembe hizo zitambuavyo kijidudu kigeni kwa umbo lake. Zikiisha kukitambua hutengeneza kingamwili, ambazo hukinasa kijidudu hicho na hicho tu. Mara ya kwanza kazi hiyo huchukua siku nyingi, na sotoka iliua kabla haijamalizika. Lakini mnyama akipona, baadhi ya chembe hizo hubaki na kumbukumbu. Adui akirudi, hukamatwa kabla hajaenea.

Swali lilikuwa hili: je, mwili waweza kufundishwa bila kuuawa? Hapo kwanza madaktari wa mifugo walimdunga ng'ombe damu yenye ugonjwa pamoja na maji ya damu ya ng'ombe aliyepona. Njia hiyo ilitoa kinga, lakini ilikuwa ya hatari, maana ugonjwa wenyewe ulikuwa umeingizwa ukiwa mzima. Baadaye, huko India katika miaka ya 1920, J. T. Edwards alikipitisha kirusi cha sotoka katika miili ya mbuzi mara nyingi, kikapungua ukali wake. Chanjo ya namna hiyo ilitengenezwa hata Kabete. Ilifaa sana, ila ng'ombe wa jamii fulani waliidhoofikia, na wengine wakafa.

Ndipo Dakt. Walter Plowright na wenzake, wakifanya kazi Muguga karibu na Nairobi, walipokikuza kirusi hicho nje ya mwili, katika chembe za figo za ndama zilizowekwa ndani ya chupa. Walikihamisha kutoka chupa hadi chupa mara 90 hivi. Mwishowe kikapoteza nguvu ya kuua, lakini umbo lake likabaki lile lile, hata damu ya ng'ombe ikakitambua. Tangu miaka ya 1960 chanjo hiyo ilitumika kwa ng'ombe wa kila jamii, na sindano moja ilitosha kwa maisha.

Hata hivyo hapana budi kueleza mambo mawili yaliyoleta taabu. La kwanza ni ndama. Ndama anyonyaye dang'a la mama aliyechanjwa hupata kingamwili za kuazima. Hizo huiharibu chanjo kabla mwili wake haujajifunza, nazo zenyewe huisha baada ya miezi kadhaa. Kwa hiyo iliwapasa wachanjaji kurudi mwaka uliofuata. La pili ni joto, maana chanjo iliyoharibika kwa jua haikufundisha mwili lo lote. Karibu na mwaka 1990, Jeffrey Mariner na wenzake waliikausha kwa njia iliyoiwezesha kukaa hata mwezi mmoja bila barafu, ikafika kwa wafugaji wa mbali kabisa.

Kirusi kisichopata ng'ombe wa kumwingia hakina pa kuishi. Mara ya mwisho kilionekana katika nyati wa Mbuga ya Meru, hapa hapa Kenya, mwaka 2001. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani. Ni ugonjwa wa pili kukomeshwa hivyo, baada ya ndui ya binadamu. Dakt. Plowright hakuisikia habari hiyo. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Magonjwa mengine yangalipo. Kinga ya chanjo ya kimeta, na ile ya chambavu, hupungua upesi, ndiyo sababu hurudiwa. Mfugaji atakayewaficha ng'ombe wake siku ya chanjo humwekea kijidudu akiba ya makao, si katika zizi lake tu bali katika la jirani pia. Sotoka ilikwisha kwa sababu mwishowe haikubakiwa na zizi la kujifichia.