Mtoto aliyezaliwa mbele ya wakati hakatai ziwa, anajifunza

Jambo hili tunaliona katika nyumba zetu. Mama anajifungua mtoto wa miezi 7. Anamweka kwenye ziwa, mtoto ananyonya kidogo, analala. Anajaribu tena, maziwa yanampalia. Jioni maneno yanaanza: maziwa ya huyu mama ni mabaya, mtoto ameyakataa. Mwingine analeta maji ya sukari. Hapo mtoto anaingia katika hatari, na mama anabeba aibu isiyo yake.

Ukweli ni huu. Kunyonya, kumeza na kupumua ni kazi 3 zinazopaswa kupokezana. Mtoto anaanza kuzipanga vizuri karibu na majuma 32 hadi 34 ya mimba. Aliyezaliwa mbele ya hapo ana njaa kama wengine, lakini bado hajajua. Tena anachoka haraka, na baridi inamaliza nguvu zake.

Ndiyo maana pale maternite muuguzi anaweza kumwekea sonde, mpira mwembamba unaopita puani au mdomoni mpaka tumboni. Mama, usiogope. Sonde inapitisha maziwa yako mwenyewe wakati mtoto anakomaa.

Kazi yako ni kukamua. Nawa mikono kwa sabuni, anza mapema baada ya kujifungua, ukamue mara 8 kwa siku, usiku pia. Yale maziwa ya kwanza ya manjano usiyamwage, hata yakiwa matone tu: yanamkinga mtoto na magonjwa. Ziwa lisilokamuliwa linakauka, na siku mtoto atakapoweza kunyonya hatakuta kitu.

Kazi ya pili ni kumweka kifuani, ngozi kwa ngozi, umefunga kikwembe. Njia hii ya kangaruu ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, katika hospitali iliyokosa mashine za kutosha za kupasha watoto joto. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliotolewa mwaka 2021, ulionyesha kwamba watoto wadogo waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa wachache kuliko waliongojea kwanza. Mtoto akiwa kifuani anapata joto, anasikia harufu ya maziwa, na mdomo wake unaanza kutafuta. Muuguzi akikubali, mpe ziwa ulilokwisha kukamua. Analamba, anazoea, bila kupaliwa.

Baadaye inakuja kikombe kidogo kilicho safi. Ngojea mtoto awe macho. Mkalishe akiegemea mkono wako, gusisha kikombe kwenye mdomo wa chini, maziwa yafike tu midomoni. Ayalambe mwenyewe. Usimmiminie! Akipumzika, nawe pumzika. Ziwa litafuata, polepole, chini ya jicho la muuguzi. Chupa haihitajiki, wala maji, wala uji.

Rudi mbio kwa muuguzi, hata usiku, kama mtoto anageuka bluu au anaacha kupumua kidogo, anatapika majani-majani, tumbo linavimba, mwili umekuwa baridi au wa moto, au haamki tena kula.

Sasa neno kwa vikundi vyetu. Mama anayekamua mara 8 na kukaa na mtoto kifuani mchana na usiku hawezi kuteka maji, kulima na kupika bugali. Akiachwa peke yake atamshusha mtoto ili aende shambani. Basi tugawane: mmoja alete maji, mwingine apikie wakubwa wa mtoto, mwingine amsindikize siku ya kupima kilo. Baba naye anaweza kumvaa mtoto kifuani. Joto lake linafaa vilevile. Na mama mkwe akiuliza kwa nini mtoto hanyonyi, tumjibu kwa heshima: mama, anajifunza, tumsaidie.