Usingoje tabuleti, chaki inatosha kumfunza mtoto usimbaji

Hebu nikuulize. Ukimwachia mtoto wa Gredi ya Nne simu yako dakika kumi, ataenda wapi? Najua jibu: video za katuni, au gemu ya kukimbia na kuruka. Atapandisha sauti, ataruka tangazo, na akishamaliza data yako atakurudishia simu kama hakuna kitu kimetendeka. Halafu utasikia mtu mzima akisema, “Huyu ni mtaalamu wa tarakilishi!”

Pole pole bana. Kupanda matatu kila siku hakukufanyi dereva, sembuse fundi wa injini.

Kumbuka tulikotoka. Mwaka 2013 Jubilee iliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. Zabuni ikaishia kortini, mpango ukabadilishwa, na vipakatalishi vikageuka tabuleti zilizoanza kufika shuleni 2016. Piga hesabu: mtoto aliyekuwa darasa la kwanza wakati wa ahadi, tabuleti zilimkuta darasa la nne. Na bado hazikuwa zake, zililetewa wadogo zake.

Tusidanganyane, kuna kazi ilifanyika. Vifaa zaidi ya milioni 1 vilisambazwa, na shule nyingi za mashambani zikapata umeme. Mtaala wa umilisi, ule tunaouita CBC, uliweka ujuzi wa kidijitali kati ya umilisi saba wa kimsingi. Mwaka 2022 KICD ikaidhinisha mtaala wa usimbaji wa kampuni ya Kodris Africa kwa shule za msingi na za upili.

Kwa karatasi tuko sawa kabisa. Darasani je? Kuna shule ambazo tabuleti zimefungiwa stoo nyuma ya vyuma, betri zimekufa. Usimlaumu mwalimu mkuu haraka. Anajua moja ikiibwa ni yeye ataulizwa.

Hata zikitolewa, chukua darasa la watoto 60 lenye tabuleti 10. Watoto sita wanagawana kifaa kimoja. Somo ni dakika 35. Kila mmoja anapata chini ya dakika sita, na hapo hujahesabu muda wa kugawa, kuwasha na kukusanya. Huko kwingine kuna mzazi analipia mwanawe klabu ya usimbaji na roboti. Hawa wawili watakutana siku moja wakitafuta kazi ileile.

Hapo ndipo wewe unaingia. Ndiyo, wewe unayesoma hii ukiwa umekaa tu nje ya duka la simu. Usimbaji ni kutoa maagizo yaliyo wazi, kwa mpangilio, mpaka kitu kisicho na akili kikuelewe. Mtoto anaweza kujifunza hilo bila kugusa mashine.

Jaribu hivi. Chora miraba kwa chaki kwenye simiti ya ploti, tano kwa tano. Mtoto mmoja awe roboti. Weka kofia kwenye mraba wa mwisho. Wengine waandike mishale kwenye karatasi: mbele, mbele, geuka kulia, mbele. Roboti afuate vile ilivyoandikwa, hakuna kukisia. Akigonga ukuta watacheka, halafu watarudi kwa karatasi kutafuta mshale uliokosewa. Hiyo kazi ya kusaka kosa ndiyo wasimbaji hufanya karibu kila siku. Wakichoka kuandika “mbele” mara nne, wafunze kuandika “rudia mara 4: mbele”. Ongeza sheria: “kama kuna jiwe, geuka kushoto.” Tayari wamegusa marudio na masharti, vitu viwili ambavyo karibu kila programu hutumia.

Siku ya pili, kata kadi tano za kadibodi. Chora nukta 16 kwa ya kwanza, kisha 8, 4, 2 na 1. Kadi iliyofunuliwa ni 1, iliyofunikwa ni 0. Waambie watengeneze 9. Watafunua ya 8 na ya 1, wafunike zingine, na wasome 01001. Hivyo ndivyo tarakilishi inavyoweka namba. Kwa kadi hizo tano wanaweza kufika hadi 31. Michezo ya aina hii si siri. Watu wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, wameieneza kwa miaka mingi kwa jina CS Unplugged, na ni ya bure.

Ukipata kipakatalishi hata kimoja kikuukuu, weka Scratch. Ilitoka MIT, Marekani, mwaka 2007, na haiuzwi. Mtoto anaunganisha vipande vya rangi badala ya kuandika amri. Ukishaipakua, inafanya kazi bila intaneti. Wa miaka mitano hadi saba wana yao, ScratchJr, inayoingia kwenye tabuleti. Waliocheza mchezo wa chaki hawatapoteza zile dakika sita. Watafika wakijua wanachotaka kuiambia mashine.

Utasema huna cheti. Mimi chuo niliachia njiani, na hakuna mtoto amewahi kuniuliza diploma iko wapi. Wanachouliza ni “tutacheza tena lini?”

Ila fanya kwa heshima. Kama ni shuleni, nenda kwa mwalimu mkuu na barua fupi: wewe ni nani, utafunza nini, siku gani, saa ngapi. Omba mwalimu awe darasani nawe, kwa usalama wa watoto na wako, na pia yeye abaki na ujuzi ukiondoka. Kama ni kwenye ploti, wazazi wajue na mkae mahali pa wazi. Usiwapige watoto picha za kuweka mtandaoni bila ruhusa. Hilo nalo ni somo la kidijitali.

Anza na watoto wanane likizo ikifika. Wakishazoea zile kadi tano, waulize ya sita itakuwa na nukta ngapi. Na usikubali wakutangulie kujibu.