Papa aliyeidaka ndege

Anga imechafuka. Ndege ya abiria inayumba, mhudumu anawatuliza watu waliofunga mikanda, na abiria mmoja anachungulia dirishani. Kinachofuata hakina utangulizi: papa mkubwa kama meli anachomoka baharini, anapaa hadi usawa wa mawingu, anaidaka ndege kwa meno na kurejea nayo majini. Sekunde chache tu, basi. Hadithi inaendelea kana kwamba kilichotokea ni tairi kupasuka njiani.

Papa mweupe wa kweli, akiruka kukamata sili, hufika kama mita 3 juu ya maji. Ndege kubwa za abiria husafiri kwenye kimo cha kilomita 10 hivi. Pengo hilo halikuwakosesha usingizi watengenezaji wa Mega Shark vs. Giant Octopus, filamu ya Kimarekani iliyoingia sokoni kwa DVD tarehe 19 Mei 2009 bila kupitia kumbi za sinema. Wala halikuwaudhi watazamaji. Trela yake ilipowekwa mtandaoni mwezi huo, watu waliitumiana kama kichekesho mpaka ikatazamwa zaidi ya mara milioni moja. Wengi wao huenda hawakuwahi kuiona filamu yenyewe. Walichokijua ni ndege na meno.

Aliyeibeba filamu hiyo ni Deborah Gibson, yuleyule Debbie Gibson ambaye mwaka 1988, akiwa na miaka 17, aliandika, akatayarisha na kuimba mwenyewe wimbo uliofika namba moja Marekani. Humu anaitwa Emma MacNeil, mtaalamu wa bahari anayeendesha nyambizi ndogo karibu na Alaska. Helikopta ya jeshi inadondosha chombo cha mawimbi ya sauti, nyangumi wanachanganyikiwa na kuugonga ukuta wa barafu, na barafu inapopasuka wanatoka viumbe wawili walioganda humo tangu enzi za kale, papa na pweza, wakiwa katikati ya kupigana. Pweza anaelekea Japani kuvunja mtambo wa kuchimba mafuta. Papa anashika njia ya California. Wanasayansi watatu wanajifungia maabara wakimimina maji ya rangi kutoka chupa moja kwenda nyingine, hadi Emma anapokutana faragha stoo na mwenzake wa Kijapani na kutoka humo na wazo: viumbe hawa wavutwe kwa harufu ya mapenzi. Lorenzo Lamas yumo pia, ofisa wa serikali ambaye kazi yake kubwa ni kununa.

Mtazamaji makini hachelewi kuona mahali fedha zilipoishia. Picha zilezile za papa na manowari zinarudiwa, na wahusika wanasimuliana maafa ambayo kamera haikuweza kuyaonyesha. Mwongozaji Jack Perez hata hakutumia jina lake halisi. Kwenye orodha ya majina ameandikwa Ace Hannah.

Kampuni iliyoitengeneza, The Asylum, ilianzishwa mwaka 1997 na David Rimawi, David Michael Latt na Sherri Strain. Mambo yao yaligeuka mwaka 2005. Steven Spielberg alikuwa akitoa War of the Worlds kwa fedha nyingi, nao wakatoa ya kwao kutokana na riwaya hiyohiyo ya H.G. Wells. Blockbuster, iliyokuwa ikikodisha filamu kote Marekani, ikaagiza nakala 100,000, kiasi ambacho hawakukizoea. Tangu hapo ramani ikajulikana: Hollywood ikitangaza Transformers, wao wanatoa Transmorphers, ikija Snakes on a Plane, wao wana Snakes on a Train. Bajeti ya filamu moja mara nyingi haifiki dola milioni moja. Wakubwa wa Hollywood walichoka mwaka 2012 wakaanza kwenda mahakamani, na filamu iliyoitwa American Battleship ikalazimika kuitwa American Warships.

Papa na pweza wao hawakuwa wameiga filamu yoyote mpya. Walikuwa na babu wa zamani zaidi.

Mwaka 1955 ilitoka It Came from Beneath the Sea, yenye pweza wa Ray Harryhausen, fundi wa kuhuisha vinyago kwa kuvisogeza kidogo kidogo na kuvipiga picha moja moja. Pweza mkubwa anaamshwa na majaribio ya bomu la haidrojeni na kuja kuuvunja mji wa San Francisco. Mtayarishaji Sam Katzman alisifika kwa kubana matumizi. Kwa kazi ya Harryhausen kila mnyiri ulikuwa gharama, maana sekunde moja ya filamu ina picha 24, na kila picha ilitaka minyiri yote isogezwe kwa mkono. Akakata miwili. Pweza wa filamu hiyo ana minyiri sita, na Harryhausen mwenyewe alitaniwa sana na mashabiki kwa hilo maisha yake yote, akicheka nao. Alikuwa mwangalifu kuweka sehemu ya kiumbe chini ya maji ili asiyehesabu asijue.

Shida nyingine ilikuwa daraja la Golden Gate. Wakuu wa mji walikataa kutoa ruhusa ya kupiga picha, wakihofia kwamba watu wakiliona likibomolewa na pweza watapoteza imani nalo. Waliotengeneza filamu wakaificha kamera ndani ya gari la kusambaza mikate na kupita darajani nayo, kwenda na kurudi, mpaka wakapata walichotaka. Kisha Harryhausen akajenga kipande cha daraja kwa kipimo kidogo na kumpa pweza wake aminye.

Miaka 54 baadaye, papa wa The Asylum alilitafuna daraja hilohilo. Kutoka kwenye maji hadi chini ya daraja la Golden Gate ni mita 67 hivi, lakini kwa papa aliyekwisha kula ndege huo ulikuwa mruko mdogo. Safari hii hakukuwa na gari la mikate wala mkono wa mtu wa kusogeza kinyago. Kompyuta ilifanya yote, na ilifanya kwa haraka inayoonekana. Hapo ndipo filamu hizi mbili zinapoachana. Harryhausen aliuficha ufukara kwa ufundi. The Asylum waliuanika, wakagundua kwamba unauzika.

Unauzika kwa sababu filamu ya namna hii haitazamwi kwa ukimya. Inataka kundi, kelele, na mtu mmoja wa kuuliza kwa sauti papa amepataje kuiona ndege. Watazamaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kufundishwa hilo. Kwenye vibanda vya video vya Dar es Salaam Lufufu aliwasimulia watu filamu za nje kwa Kiswahili na kuwatilia wahusika maneno ambayo hayakuwamo. Kenya ina DJ Afro, na Uganda ina wasimulizi wake, wanaoitwa VJ. Kwa mabingwa hawa picha ni mtaji tu. Filamu yenye mashimo mengi huwapa nafasi ya kupenya, ilhali filamu iliyokamilika huwafunga mdomo. Mega Shark, ukiitazama hivyo, ni shimo tupu lenye mapezi.

Marekani walifikia hatua hiyo kwa njia ya simu. Tarehe 11 Julai 2013, miezi miwili baada ya Harryhausen kufariki London akiwa na miaka 92, kituo cha runinga cha Syfy kilionyesha Sharknado, kazi nyingine ya The Asylum, ambamo kimbunga kinazoa papa baharini na kuwamwaga juu ya Los Angeles. Ian Ziering anamaliza mambo kwa msumeno wa injini, akiwa ndani ya papa. Usiku huo watu waliandika kwenye Twitter hadi jumbe zikafika kama 5,000 kwa dakika moja. Waliokuwa mbele ya runinga walikuwa milioni 1.37 tu, idadi isiyozidi ya kawaida kwa kituo hicho, lakini Syfy iliporudia filamu wiki moja baadaye watazamaji waliongezeka badala ya kupungua. Waliopitwa na kelele walirudi kuzitafuta. Na wahakiki, watu ambao kazi yao ni kukunja uso, waliipa alama nzuri kuliko watazamaji wa kawaida.

Ilipofika sehemu ya tatu, mwaka 2015, papa walikuwa wamefika anga za juu na David Hasselhoff. Utamu ulianza kuchuja papo hapo. Papa wa 2009 anachekesha kwa kuwa kila mtu ndani ya filamu anamchukulia kwa uzito, Debbie Gibson akiwa wa kwanza. Wa Sharknado za baadaye anamkonyeza mtazamaji kila dakika, na mtazamaji aliyekuja kuchokonoa anakuta kazi yake imeshafanywa.

Sehemu ya sita na ya mwisho, The Last Sharknado, ilionyeshwa Agosti 19, 2018. Siku tisa kabla yake kumbi za Marekani zilikuwa zimempokea papa mwingine wa kale, yule wa The Meg, aliyegharimu zaidi ya dola milioni 130 na kuingiza zaidi ya milioni 500 duniani kote, Jason Statham akiwa steringi wake. Maji yalionekana maji, meno yalionekana meno. Baadhi ya wahakiki walitoka ukumbini wakilalamika kwamba upuuzi haukutosha.