Nyavu za Waya Katika Vyuo vya Visiwani

Vyuo vyetu vya Unguja na Pemba vinapanda ghorofa, na kila ghorofa inayoongezeka inadai ushoroba na ngazi zenye ukingo imara. Katika nchi nyingi wachoraji wa majengo hutumia paneli za wavu wa waya uliosukwa badala ya ukuta wa matofali. Sisi tunaliunga mkono jambo hilo, ila kwa sharti.

Faida yake haina ubishi. Joto ni adui wa masomo, na pepo za kusi na kaskazi hazilipiwi umeme. Ukuta wa kimo cha kifua huukata upepo palepale alipoketi mwanafunzi, wavu huupitisha. Wala si fikra ngeni, kwani wazee wetu wa Mji Mkongwe walizizungushia roshani zao mbao zenye matundu.

Tunachokihofia ni zabuni. Kuna wavu unaosukwa kwa nyaya zilizokwisha kupakwa zinki, na kuna unaosukwa kwanza kisha ukachovywa mzima katika zinki iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 450 hivi. Siku ya kupokelewa vyote huonekana kitu kimoja, na cha rahisi ndicho hununuliwa. Lakini ule wa kwanza huanza kushika kutu kwenye ncha zilizokatwa, na pale nyaya zinapopandana, ambapo husuguana na chumvi hutuama. Kutu hiyo hujificha ndani ya fremu, na kijana anayeegemea ukingo wakati wa mapumziko hana habari nayo. Tena, jambo linalowashangaza wengi, wavu ulio chini ya paa huweza kuliwa upesi kuliko unaonyeshewa, kwa kuwa mvua haiuoshi chumvi.

Kwa majengo yaliyo karibu na pwani, kinachofaa zaidi ni chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, chenye molibdeni asilimia 2 hadi 3. Cha daraja la 304 hakihimili sana hewa ya bahari. Ni ghali, tunakubali. Lakini gharama ya kubomoa na kufunga upya haiandikwi katika zabuni ya kwanza.

Kuhusu vipimo, kanuni za Uingereza hutaka ukingo wa roshani uwe na kimo cha milimita 1,100, na penye watoto wadogo tundu lisipitishe mpira wa milimita 100. Wavu wa matundu ya milimita 50 hutimiza sharti hilo la pili bila taabu.

Na wakaguzi wasiishie kuutazama wavu. Wazikague bolti. Bolti ya chuma cha kawaida ikigusana na chuma cha 316 penye unyevunyevu wa chumvi huliwa haraka, na paneli nzima hushikwa na bolti chache tu. Aina ya bolti iandikwe katika mkataba tangu mwanzo, asiachiwe fundi kwenda kuzitafuta Darajani siku ya mwisho.